Silabi Moja Ilivyomchafulia Mzee Jina

Kuna makosa ya lugha ya kuchekesha, na kuna mengine ya kuliza. Mimi nilifanya la kuliza.

Nilikuwa mwanahabari mchanga mjini Nyeri, wino wa diploma yangu haujakauka. Asubuhi moja ya Julai, ukungu umetanda na baridi inauma vidole, mzee mmoja kutoka upande wa Othaya aliingia ofisini, gazeti limekunjwa chini ya koti. Alikuwa amekwenda mahakamani kulalamika kwamba dalali wa mashamba alimlaghai. Badala ya kuandika "ameshtaki", nilikuwa nimeandika "ameshtakiwa". Silabi moja tu!

"Mwanangu," aliniambia taratibu, "mjukuu wangu wa kidato cha pili alinisomea haya, kisha akaniuliza, 'Guka, kumbe wewe ndiwe mwizi?' Na Jumapili kanisani niliulizwa ni nani aliyenilipia dhamana."

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitega sikio. Sokoni Karatina utasikia "kiti yangu" na "viti yangu". Ajabu ni kwamba mchuuzi huyohuyo akisema Kikuyu hakosei: ni gĩtĩ gĩakwa, na vikiwa vingi, itĩ ciakwa. Ngeli anazijua tangu utotoni, ila anaziacha mlangoni anapoingia katika Kiswahili. Na kwa kuwa Kikuyu hakina sauti ya "l", wakati wa uchaguzi wapo wanaotuambia kwamba wamekwenda "kura", nasi twabaki kujiuliza kama ni ugali au ni kura.

Kiingereza nacho kina mitego yake. Kwa kuwa sisi husema vifaa na kuvihesabu, twaandika "equipments", ilhali neno hilo halikubali "s" hata kwa dawa. Tena husema "one of the student", tukisahau kwamba mmoja hutolewa miongoni mwa wengi: "one of the students".

Hatuna kisingizio. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa. Katiba ya mwaka 2010 nayo ikakifanya lugha rasmi, sambamba na Kiingereza. Lakini wengi wetu tulikariri ngeli kwa ajili ya mtihani, tukazitupa pamoja na sare za shule.

Siku hizi, kabla ya kukabidhi habari yoyote ya mahakama, hujiuliza maswali mawili: nani ametenda? Nani ametendwa? Wewe mwanafunzi unayesoma kauli ya kutendwa na kuiona ya kuchosha, mkumbuke mzee huyu.

Masahihisho tuliyachapisha, mistari minne pembeni mwa ukurasa wa ndani. Nilipompelekea nakala aliitazama, akashukuru, kisha akauliza: "Na wale waliosoma lile la kwanza, mwanangu, wote watalisoma hili?"

Mpaka leo sijapata jibu la kumpa.