Moshi Juu ya Bawa

Upepo hujulikana kwa kazi yake. Hujaza tanga, huinamisha mnazi, huezua paa, lakini wenyewe hauonekani. Atakaye kujua namna hewa ipitavyo juu ya bawa hana budi kuivika nguo, na nguo iliyoikaa vizuri tangu zamani ni moshi.

Haja ya nguo hiyo ilikuwa haja ya roho za watu. Mwezi wa Agosti 1896 Mjerumani Otto Lilienthal, aliyekuwa amekwisha kuruka mara nyingi kwa mabawa aliyoyaunda mwenyewe, alipatwa na msiba hewani: pua ya chombo iliinuka, mwendo ukamwishia, mabawa yakaacha kumbeba. Akaanguka, akafa siku ya pili. Hakuna jicho lililoona hewa ilifanya nini juu ya mabawa yale.

Kati ya 1899 na 1901 Mfaransa Étienne-Jules Marey, bingwa wa elimu ya viungo ambaye zamani alipiga picha za ndege wakiruka, aliunda kasha lenye uso wa kioo na mgongo mweusi. Feni ilivuta hewa kutoka juu kwenda chini, na pamoja nayo zikateremka nyuzi za moshi, 57 katika kasha la mwisho, zimenyoka kama mtande wa mfumaji. Zilipokuta kibao kilichoinamishwa ziligawanyika, na nyuma yake zikavurugika.

Bawa likiwekwa katika handaki la upepo, uzi wa moshi huanza kupanda kabla haujaligusa, kana kwamba umepelekewa habari. Mgongoni mwa bawa nyuzi husongana, na hapo hewa hwenda mbio na kani yake ya kusukuma hupungua. Bawa likiinuliwa kidogo kidogo, nyuzi huzidi kuuambaa mgongo. Likipita kiasi, na kwa mabawa mengi kiasi hicho ni karibu digrii 15, moshi hubanduka na kujiviringa ovyo. Hayo ndiyo yaliyomfika Lilienthal. Ludwig Prandtl alieleza sababu mwaka 1904: utando mwembamba wa hewa uliogusana na bawa hupunguzwa mwendo na msuguano, hata ukakosa nguvu ya kusonga mbele.

Moshi umefichua pia kosa la vitabuni. Wanafunzi wengi wamefundishwa kwamba chembe mbili za hewa zinazoachana mbele ya bawa lazima zikutane nyuma yake, kwa hiyo ile ya juu, yenye njia ndefu, hulazimika kukimbia. Ni kosa lenye adabu, kana kwamba hewa iliwekeana ahadi. Labda ndiyo sababu limeishi sana. Mwaka 2003 Holger Babinsky wa Cambridge alionyesha moshi uliokatwa vipande vipande, ukipita juu na chini ya bawa kwa wakati mmoja. Vipande vya juu vilikwisha kuuvuka ukingo wa nyuma, na wenzao wa chini wangali njiani.