Mbio za Kupokezana: Kumbukumbu ya Sutton Park

Neno kupokezana lina mnyambuliko unaopendwa sana na sisi walimu wa Kiswahili. Twaanza na pokea. Tukitia kiambishi cha kusababisha twapata pokeza. Tukiongeza cha kutendana twapata pokezana. Nimeliandika ubaoni mara zisizo na idadi, na wanafunzi wamelinakili kwa utiifu. Lakini nakiri mbele ya wenzangu kwamba maana yake sikuijua barabara mpaka nilipopita umri wa miaka 30, tena si darasani bali njiani, katika nchi ya Uingereza, asubuhi ya baridi, nikiwa nimevaa bukta na fulana ya kuazima.

Mwaka 1995 nilikuwa masomoni katika mji wa Birmingham. Mgeni peke yake hutafuta watu wa kukaa nao, nami niliwapata katika klabu ndogo ya riadha iliyokuwa ikifanya mazoezi jioni za Jumanne karibu na nyumba niliyopanga. Walikuwa watu wa kazi za kawaida: dereva wa basi, mpeleka barua wa posta, walimu wawili, fundi wa mabomba na vijana wachache. Katibu alikuwa yule dereva wa basi, mzee mwenye daftari jeusi asiloliacha mkononi. Aliponiuliza nimetoka wapi, nikamjibu Uganda, macho yake yaling'aa. Akamtaja John Akii-Bua, aliyeshinda mbio za meta 400 za kuruka viunzi katika michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Nilitabasamu, nikanyamaza. Nilipaswa kumwambia kwamba shuleni nilikuwa mkimbiaji wa wastani tu, na kwamba tangu nianze kufundisha, mbio zangu kubwa zilikuwa za kuwahi kengele. Sikumwambia. Kunyamaza kule ndiko kulikoniponza.

Yafaa nieleze mashindano yenyewe, maana kwetu si mengi ya namna hiyo. Waingereza wanazo mbio za barabarani za kupokezana, ambazo kila kanda huzifanyia ubingwa wake: kaskazini, kusini na eneo la kati liitwalo Midlands. Majira ya kuchipua, timu ya wanaume huwa na watu 12, na ya wanawake watu 6. Majira ya kupukutika kwa majani, wanaume huwa 6 na wanawake 4. Kila mmoja hukimbia kipande chake. Katika mbio za watu 12, vipande virefu vyapita kilometa 8, na vifupi ni kama kilometa 5. Timu zinazoshika nafasi za juu katika kanda hupata haki ya kwenda kwenye ubingwa wa taifa, na kwa klabu ndogo, kuifikia haki hiyo ni sawa na kutwaa kombe.

Klabu nyingi kongwe huko hujiita Harriers, jina la aina ya mbwa wa kuwindia sungura. Sababu yake ni kwamba mbio za mashambani zilianza kama mchezo wa kuigiza uwindaji: wawili hutangulia wakidondosha vipande vya karatasi, na wengine huwafuata mfano wa mbwa wanaofuata harufu. Birchfield Harriers ya Birmingham, ambayo nembo yake ni paa dume anayekimbia, iliundwa mwaka 1877. Tipton Harriers, ya mji jirani wa viwanda, iliundwa mwaka 1910. Kando ya majina kama hayo klabu yetu ilikuwa kama mtumbwi kando ya jahazi.

Uwanja wa vita vyetu ulikuwa Sutton Park, upande wa kaskazini wa Birmingham. Nasema uwanja, lakini ni pori hasa, lenye eneo la zaidi ya ekari 2,000, na lina misitu ya mialoni, mabwawa, na vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano. Farasi wadogo hulisha humo. Ipo hata alama ya barabara iliyojengwa na Warumi. Njia ya lami hupanda na kushuka ndani ya pori hilo, na wakimbiaji huizunguka, kila mmoja kwa zamu yake, kuanzia asubuhi mpaka alasiri.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba hapakuwa na kijiti. Nilikuwa nimezoea kusema mbio za kupokezana vijiti, kana kwamba maneno hayo hayatengani. Kumbe pale anayemaliza humgusa mkono tu anayengoja, naye huondoka. Hupewi kitu cha kushika. Wanaongoja husimama wamebanana nyuma ya mstari, mwamuzi akiita namba za timu zinazokaribia, na kila mmoja hunyoosha shingo kumtafuta mtu wake katika kundi linaloteremka. Baadaye nilisoma kwamba Wajapani, ambao mbio zao za namna hii zilianza mwaka 1917 kati ya Kyoto na Tokyo, huvishana mkanda wa kitambaa begani. Jina la mbio hizo, ekiden, limeundwa kwa neno la kituo na neno la kupasha, kwa kukumbuka matarishi wa kale waliobeba ujumbe kutoka kituo hadi kituo. Nasi tarishi tunaye katika lugha yetu, ingawa siku hizi tumemweka ofisini abebe mafaili.

Katibu alinipa kipande cha tisa, kirefu. Alikuwa amepanga hesabu zake katika daftari: wenye nguvu waanze ili timu isiachwe, wazee na wachovu wawe katikati, kisha mimi, Mganda, niivute timu hadi kwa watatu wa mwisho. Mpeleka barua alikuwa wa kumi, mwenye umri wa miaka kama 50. Aliponiona nikirukaruka kupasha mwili moto, aliniambia kwa upole, "Bwana, kile kilima kiheshimu." Nikamwitikia kwa kichwa, wala sikumsikia.

Nilipoguswa mkono tulikuwa katika nafasi ya kutupeleka ubingwa wa taifa, tukiwa na akiba kidogo. Niliondoka kama mshale. Katika kilometa ya kwanza niliwapita watu watatu, na kando ya njia nikasikia jina la klabu yetu likipigiwa kelele. Laiti mbio zingekwisha pale! Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, nami ukingo wangu ulikuwa kile kilima. Miguu ikawa mizito kama nimefungwa mawe. Kifua kikawaka kwa hewa ya baridi. Wale watatu wakanipita, mmoja baada ya mwingine, bila hata kunitazama. Kisha wakaja wengine ambao sikuwa nimewaona kabisa. Palipokuwa na mteremko sikuweza kuteremka, na palipokuwa tambarare nilijikokota. Nikatamani kukaa chini ya mwaloni nijifanye nimeteguka.

Kilichonizuia kukaa hakikuwa ujasiri. Nilikumbuka tu kwamba mbele kuna mzee aliyesimama katika baridi kwa sababu yangu, na kwamba mpaka nimguse hawezi kuondoka. Nikikaa, jasho la wanane walionitangulia limekwisha kazi, na watatu walio mbele wamekuja bure. Sijapata kuona jambo la kisarufi lililo wazi kama lile: kitenzi cha kutendana hakina mtendaji mmoja. Nilifika. Nilikuwa nimepoteza nafasi saba. Mpeleka barua alikuwa amekwisha nyoosha mkono wake nyuma, uso ukitazama njia. Nikaugusa, nikaanguka majanini.

Yeye aliirudisha nafasi moja, na wawili wa mwisho wakairudisha nyingine. Hazikutosha. Tulikosa ubingwa wa taifa kwa nafasi mbili, na kila mtu pale aliweza kuhesabu.

Nilingoja maneno. Nilikuwa nimeyatayarisha na majibu: baridi, chakula, kazi za masomo. Hakuna aliyeniuliza. Fundi wa mabomba alinirushia koti. Mke wa katibu akanipa chai ndani ya kifuniko cha chupa. Katibu mwenyewe alikuja na daftari lake, akaandika muda wangu mbele yangu kwa kalamu ile ile na mwandiko ule ule aliowaandikia wengine, wala hakupiga mstari chini yake. Mpeleka barua alipokuwa akifunga kamba za viatu aliuliza swali moja tu: "Jumanne utakuja?"

Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu kuliko kama wangenitukana. Jumanne ilipofika nilizunguka ile barabara mara mbili kabla ya kuingia. Nilipoingia nilimwambia katibu kweli yote: kwamba mimi si mkimbiaji wa namna aliyodhani, na kwamba nilinyamaza kwa majivuno. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema angefurahi kama ningemwambia mapema, maana angenipa kipande kifupi. Basi. Kosa langu, kama alivyoliona, halikuwa udhaifu. Nilikuwa nimeficha kipimo changu kwa watu walionitegemea.

Majira ya kupukutika kwa majani nilikimbia tena Sutton Park, safari hii katika timu ya pili, ambayo haikuwa na tamaa ya kwenda popote. Nilianza taratibu, nikakiheshimu kilima, nikampita mtu mmoja na kupitwa na mmoja. Nikamgusa mwenzangu mkono katika nafasi ile ile niliyoipokea. Hakuna aliyepiga kelele. Katibu aliandika muda wangu, akatikisa kichwa kidogo kuonyesha ameridhika, na nakwambia, msomaji, sijapata cheti chochote kilichonipendeza kuliko kile kichwa.

Niliporudi Uganda niliyachukua mafunzo haya darasani. Nilianzisha zoezi la hadithi ya kupokezana: mwanafunzi wa kwanza huandika aya moja, humpa wa pili, naye humpa wa tatu, mpaka hadithi iishe. Siku za mwanzo wale hodari walifanya nilivyofanya mimi. Waliandika aya nzuri mno, zenye vita, ndoa na simba, kisha wakamwachia mwenzao fundo asiloweza kulifungua. Nikawafundisha kwamba aya njema ni ile inayompa anayefuata mahali pa kuweka mguu, na alama nikaanza kuwapa kwa kundi zima. Wazazi wawili walilalamika kwamba watoto wao wanaadhibiwa kwa uvivu wa wengine. Sikuwa na jibu la kuwaridhisha wote, na mpaka leo nakubali kwamba palikuwa na ukweli katika malalamiko yao. Lakini zoezi sikuliacha.

Tena naona lugha yetu yenyewe, kwa sisi tulio nje ya pwani, imekuja kwa kupokezana. Nchini Uganda Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa mwaka 1973 kwa amri ya utawala wa kijeshi, na kwa sababu hiyo nyumba nyingi zilikichukia, zikikiona lugha ya askari na ya vizuizi vya barabarani. Mwaka ule ule nilioshindwa na kilima, 1995, Katiba mpya ilikitaja Kiingereza peke yake kuwa lugha rasmi. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Ukiyasoma hayo upesi waweza kudhani ni kazi ya amri na saini. Lakini katikati ya miaka hiyo walikuwako walimu waliofundisha wanafunzi sita, wanne, pengine wawili, katika chumba kisicho na kitabu, huku wenzao wakiwacheka kwamba wanafundisha lugha isiyo na kazi. Wao ndio waliopewa kipande cha kilima. Aliyenifundisha mimi alikuwa mmoja wao, na siku ya kustaafu kwake hakukuwa na sherehe.

Sasa nami nimebakiza mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Katika shule yetu mimi ndiye mwalimu pekee wa somo hili. Kwa miaka kadhaa nilijisifu kwa upweke huo, nikiuhesabu kuwa ni ushujaa, kumbe nilikuwa narudia kosa langu la zamani la kuwapita watu watatu katika kilometa ya kwanza. Mkimbiaji asiye na wa kumpokea, hata awe na mbio gani, timu yake haifiki.

Kwa hiyo mwaka huu nimefanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya zamani. Nimemwomba mkuu wa shule anipe mwalimu kijana, ambaye nilimfundisha mwenyewe alipokuwa kidato cha pili, akae darasani mwangu vipindi vitatu kwa juma. Nimemkabidhi daftari langu la masomo, pamoja na kurasa za masomo yaliyoharibika, sikuzichana. Ananisahihisha ngeli mara moja moja, na aghalabu yeye ndiye mwenye haki. Jumatatu iliyopita alifundisha mnyambuliko wa vitenzi. Nilikaa nyuma, karibu na dirisha. Akaandika pokea, akaandika pokeza, kisha akageuka akaniangalia kidogo kabla ya kuandika la tatu.