Kasikeu: Mahali ambapo deni hungoja mvua

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa huupita mji wa Sultan Hamud bila kuutilia maanani. Basi likisimama hapo, abiria hununua machungwa dirishani, na safari ikaendelea. Ni wachache wajuao kwamba mji huo ulipewa jina la Sultan Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Unguja kuanzia 1896 hadi 1902, enzi ambazo reli ilikuwa ikijengwa kutoka pwani kupitia hapa. Na ni wachache zaidi wageuzao shingo kushoto, upande wa milima, kuitazama njia iendayo Kasikeu.

Mimi pia nilikuwa mmoja wao, hadi Ijumaa moja mwishoni mwa Oktoba. Nilipanda matatu katika kituo cha Machakos, Nairobi, nikashuka Sultan Hamud na kuchukua pikipiki. Jamaa yangu alikuwa amenialika katika sherehe ya kumuaga karani wa chama kimoja cha ushirika cha wakulima, chama kidogo cha akiba na mikopo. Nilidhani nitakula nyama ya mbuzi, nipige picha mbili tatu na kurejea jijini. Nilirejea na somo kuhusu pesa ambalo sijawahi kulipata katika benki yoyote.

Ngazi za milimani

Jambo la kwanza linalomvutia mgeni katika milima hii ni ngazi. Kila mteremko umekatwa matuta, moja juu ya jingine, kama ngazi ya kupandia mbinguni. Kati ya tuta na tuta kuna mahindi, kunde, ndengu na mbaazi, na huku na huku miembe imesimama kama walinzi.

Msomaji mpenzi, hapa tuna jambo la kujivunia. Mtindo wa kuchimba mtaro na kuurusha udongo upande wa juu wa mteremko huitwa "fanya juu", na wataalamu wa kilimo duniani huutumia kwa jina hilo hilo la Kiswahili. Utafiti maarufu kuhusu wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, ulionyesha kwamba idadi ya watu ilipanda kutoka takriban 240,000 mapema miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 kufikia 1990. Hata hivyo, mmomonyoko wa udongo ulipungua badala ya kuongezeka. Ajabu iliyoje!

Mitaro hiyo haikuchimbwa na mtu mmoja mmoja. Wakamba wana desturi iitwayo mwethya: majirani hukusanyika leo katika shamba la huyu, kesho la yule. Asiyefika kwa mwenzake hujua kwamba siku yake ikifika atachimba peke yake. Hilo ni deni pia, ila halina karatasi.

Benki yenye pembe

Zamani, akiba ya familia ilikuwa zizini. Ng'ombe ndiye aliyekuwa benki: alilipa mahari na aliuzwa njaa ilipobisha hodi. Kwa hiyo mwaka wa 1938, serikali ya kikoloni ilipoamua kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu, na wengi wa ng'ombe hao wakauzwa kwa bei ya kutupa kwa kiwanda cha nyama cha Athi River, watu waliona kama akiba yao imeporwa. Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu kwenda kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Yeye alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, lakini uuzaji huo wa lazima ulisitishwa.

Mzee aliyenisimulia habari hizi chini ya mwembe alimalizia hivi: "Ndiyo sababu sisi hatumpi mtu akiba yetu mpaka tumjue anakolala."

Maneno hayo ndiyo msingi wa chama cha mkopo popote kilipo. Mnamo 1864 huko Heddesdorf, Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen alianzisha chama cha wakulima kukopeshana, baada ya kuona jinsi njaa na wakopeshaji wenye riba kubwa walivyowamaliza wanavijiji. Dhamana yao ilikuwa jirani. Hapa Kenya ushirika ulikuwa wa walowezi hadi sheria ya 1945 ilipowafungulia Waafrika mlango. Leo mwanachama huweka akiba kidogo kidogo, na katika vyama vingi aweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, mradi apate wadhamini. Mkopaji akishindwa, akiba ya mdhamini ndiyo huguswa.

Daftari la mama karani

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja chenye meza mbili, kabati la chuma na benchi la wateja. Mama karani, ambaye vijana wote walimwita "mwaitu", yaani mama yetu, alikuwa akimkabidhi kazi kijana mwenye diploma na kompyuta ndogo. Tangu M-Pesa ije mwaka wa 2007, wanachama wengi hulipa kwa simu, na ile foleni ya siku ya soko imepungua. Kijana alikuwa amekwisha kuingiza majina yote katika kompyuta. Kilichobaki ni daftari moja kuukuu la wadhamini.

Kabla ya mbuzi kuiva, aliingia mama mmoja mkulima, akafuatwa na majirani zake wawili. Alifungua fundo la leso na kuweka noti chache mezani. Kijana alitazama kompyuta yake akasema kwa adabu, "Mama, deni hili limepita miezi mitatu. Sheria inasema sasa tuwaandikie wadhamini."

Mama karani alivaa miwani. "Masika ulivuna nini?"

"Mabua, mwaitu."

"Na sasa?"

"Nimekwisha kufukia ndengu na mbaazi. Nangoja."

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sisi wa jijini hatulijui. Katika sehemu nyingi za Kenya, mvua ya Machi hadi Mei ndiyo kubwa. Ukambani mambo ni kinyume: mvua ya vuli, ya Oktoba hadi Desemba, ndiyo ya kutegemewa zaidi. Wakulima wengi hupanda katika udongo mkavu, kabla ya tone la kwanza, ili mbegu isipoteze hata siku moja. Ndengu huvunwa kufikia Februari. Mbaazi za kienyeji, zinazopandwa vuli hiyo hiyo, hukaa shambani hadi katikati ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo mkopo wa Februari unaotakiwa kuanza kulipwa Juni umefungwa kwa mvua ambayo mara nyingi haiji.

Mama karani alilifungua lile daftari. Pembeni mwa majina ya wadhamini alikuwa ameandika kwa kalamu, msimu baada ya msimu, siku mvua ilipoanza na siku ilipokoma. Alisema kwamba wengi walioshindwa kulipa hawakuwa wavivu wala wakora. Walikuwa wamepewa tarehe isiyofaa.

Uungwana una gharama

Msomaji asidhani kwamba jambo hili lilipita kwa vicheko. Mzee mmoja wa kamati alikataa. "Pesa anazongojewa huyu ni zetu sote," alisema. "Mimi binti yangu anangoja karo ya Januari. Tukimngoja kila mtu, nani atakopa?"

Alisema kweli. Chama kidogo hukopesha kile kilicholipwa, na kila deni linaloahirishwa ni mkopo wa mtu mwingine uliocheleweshwa. Chumba kilinyamaza. Ndipo mmoja wa majirani wawili, aliyekuwa hajasema neno, akasimama. "Mimi nilitia sahihi. Akishindwa Februari, kateni akiba yangu. Lakini mkiikata leo, tutakuwa maskini wawili badala ya mmoja."

Wazee hapa wanaikumbuka njaa ya miaka ya 1980 iliyoitwa Nikw'a Ngwete, maana yake nafa nikiwa nimeshika. Watu walikuwa na pesa mkononi lakini hapakuwa na chakula cha kununua. Waliopitia hayo hawahitaji kuelezwa kwamba shamba la jirani nalo ni akiba yako.

Kamati iliafikiana hivi: mama atalipa kidogo kila mwezi, deni lote limalizwe baada ya mavuno ya ndengu, na wadhamini walikague shamba lake katikati ya Desemba. Mzee aliyekataa alikubali kwa sharti kwamba karo ya binti yake itangulizwe katika mikopo ya Januari. Likaandikwa, naye akatia sahihi.

Alasiri tulikula. Wanachama walimtunza mama karani kiondo kilichosukwa kwa katani, pamoja na mbuzi jike mwenye mimba, "ili akiba yako izae." Alicheka hadi akafuta machozi. Hotuba yake ilikuwa fupi: alimtaka kijana, kabla ya kumwandikia mtu barua ya kudai, apande pikipiki akalitazame shamba lake kwanza.

Jioni, nikingoja usafiri wa kunirudisha Sultan Hamud, nilichungulia ofisini. Kijana alikuwa bado ameketi, daftari kuukuu limefunguliwa kando ya kompyuta, akinakili tarehe za mvua mwaka baada ya mwaka. Aliniambia ameongeza safu moja katika orodha ya mikopo, ila hajui aiite nini. Nilimshauri aiite "mvua" tu.

Msomaji, labda nawe una mama au nyanya mashambani. Akikupigia simu Oktoba kukuambia hana kitu, usifanye haraka kumlaumu kwamba ametumia vibaya pesa ulizomtumia Agosti. Huenda zimo ardhini tayari. Muulize amepanda nini, na nani amemdhamini. Kisha, ukiweza, nenda ukalitazame shamba.