Sisi wa Sayansi Ndio Tuliozihesabu Siku

Watu wengi hudhani kwamba imani ya siku sita za uumbaji, siku za saa 24 kamili, ni ya wazee wa vijijini, na kwamba shule ndiyo iliyokuja kuitikisa. Niliyoyashuhudia mimi ni kinyume chake. Kisarawe nilikokulia hakuna aliyezihesabu zile siku. Hesabu niliikuta sekondari, Kibaha, na waliohesabu tulikuwa sisi, vijana wa Fizikia, Kemia na Biolojia.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri. Wamisionari wa Kijerumani walijenga Kisarawe na Maneromango, huko Uzaramo, miaka ya 1890, lakini Wazaramo wengi walibaki Waislamu, na ndio waliokuwa majirani zetu. Juu ya uumbaji hapakuwa na ubishi. Msikitini na kanisani ilijulikana kwamba Mungu aliziumba mbingu na ardhi kwa siku sita, na jambo hilo lilitajwa msibani na mvua zilipochelewa, si kwa kubishana bali kwa kukumbushana nani mwenye mamlaka. Siku moja nilimuuliza Baba: ikiwa jua liliumbwa siku ya nne, zile siku tatu za kwanza zilipimwa kwa kitu gani? Alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya muhogo. Hakukasirika, wala kisu hakikusimama. “Mwanangu,” alisema, “Musa hakupewa saa. Alipewa habari za mwenye nyumba.” Nikaridhika, nikaenda kucheza.

Kisha nikachaguliwa kwenda Kibaha. Kituo kile cha elimu kilizaliwa kwa mkataba wa mwaka 1963 kati ya nchi yetu na nchi za Nordic. Sekondari ikafunguliwa 1965, na mwaka 1970 kituo kizima kikakabidhiwa serikali yetu. Kwa mtoto aliyetoka kwenye mikorosho na minazi ya Kisarawe, kuinama juu ya hadubini yako mwenyewe lilikuwa jambo kubwa. Tulifundishwa kwamba kisichopimwa hakijajulikana. Tukaamini, na tukaipeleka imani hiyo mpya mpaka kwenye Biblia.

Nilikuwa kidato cha tano mwaka 1978, mwaka ambao timu ya Mary Leakey ilizigundua huko Laetoli nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, miaka milioni 3.6 iliyopita. Mwalimu wetu wa Biolojia alitupeleka Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kuliona fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey huyo huyo aliliona Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Tulisongamana mbele ya kioo. Meno ya nyuma yalikuwa makubwa ajabu, mapana kuliko ukucha wa kidole gumba changu. Mwalimu akasema lina umri wa miaka milioni 1.75. Rafiki yangu, Msabato kutoka Upare, akaninong’oneza: “Nani alikuwepo?”

Msimamo wake ulikuwa na mizizi mirefu. Wasabato waliingia Upare mwaka 1903, na babu yake alikuwa miongoni mwa waumini wa mwanzo. Kwake hoja ilikuwa nzito: kama siku sita si siku za kweli, basi na ya saba si ya kweli, na Sabato ambayo ukoo wake umeitunza kwa gharama kubwa inabaki bila msingi. Sijawahi kuidharau hoja hiyo. Ni ya mtu anayejua kwamba imani ikikatwa kipande, vipande vingine navyo hulegea.

Kwenye ushirika wetu wa wanafunzi Wakristo kulizunguka kitabu kilichochakaa cha kutetea siku sita na gharika ya Nuhu, The Genesis Flood, kilichotoka Marekani mwaka 1961. Mmoja wa waandishi wake, Henry Morris, alikuwa mhandisi wa maji, na ndiyo maana kilitukamata. Kilizungumza kama madaftari yetu: kasi ya maji, tabaka za mashapo, ujazo. Usiku mmoja bwenini tulichukua vipimo vya safina, mikono 300 kwa 50 kwa 30, tukaukadiria mkono kuwa sentimita 45, tukapata zaidi ya mita za ujazo 41,000. Tulishangilia kana kwamba Nuhu amefaulu mtihani.

Likizo nilimpelekea Baba karatasi ile. Aliisoma yote, akauliza kila alama. Kisha akasema: “Na waliobaki nje, mmewahesabu?” Sikuwa na jibu. Hapo nilianza kuona kwamba yeye na mimi tulikuwa tunasoma sura ile ile tukitafuta vitu viwili tofauti.

Mwaka huo mhubiri mmoja mgeni aliwaambia vijana kwamba atakayeandika habari za Darwin kwenye mtihani amemkana Kristo. Kijana wa kidato kilichotutangulia, hodari kutuzidi wote, aliiacha karatasi yake ya Biolojia karibu tupu. Alirudi kwao bila nafasi ya chuo. Mwalimu wetu, ambaye naye alikuwa Mkristo, aliumia sana. Alituita maabara jioni akatuambia: “Mtihani unakuuliza Darwin alisema nini. Haukuulizi unamwamini nani. Jibu ulichoulizwa, na imani yako mdomo wako ndio uiseme.”

Yule rafiki yangu Mpare alijibu alichoulizwa, akafaulu, akawa daktari. Hadi leo anaamini siku sita za saa 24. Vimelea vya malaria vilipozoea klorokwini, na Tanzania ikaacha kuitumia kama dawa ya kwanza mwaka 2001, alikuwa miongoni mwa waliowaeleza wagonjwa kwa nini: vimelea vinavyostahimili dawa huishi na kuzaa, vingine hufa. Mimi humwambia hiyo ndiyo kanuni ya Darwin. Yeye husema ni mabadiliko ndani ya jamii ileile ambayo Mungu aliiumba. Tumebishana hivyo zaidi ya miaka arobaini, na ni yeye aliyemtibu Baba mpaka siku yake ya mwisho.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Biolojia hadi nilipostaafu, na ni Mlutheri kama mzazi wangu. Naamini Mungu ndiye Muumba, na naamini nyayo za Laetoli zina umri wanaousema wanajiolojia. Siku hizi vijana wanaletewa kwenye simu hoja zile zile tulizozisoma bwenini. Sizihofii. Katika miaka yote ya kufundisha sikumwona mwanafunzi aliyepoteza imani kwa sababu ya fuvu, wala aliyeshindwa sayansi kwa sababu ya Kitabu cha Mwanzo. Niliowaona wakipoteza kimoja au kingine ni wale ambao mtu mzima aliwalazimisha kuchagua wakiwa na miaka kumi na saba. Wachungaji na walimu wenzangu, jukumu hilo la kuchagua msimtwike mtoto. Mpeni maarifa yote, mwacheni aulize yote, na mkae naye karibu mpaka akomae.