Neno Hujulikana kwa Majirani Zake

Jioni moja ya mwezi wa Aprili, mwaka 2017, binti yangu mkubwa alirudi kutoka shuleni akapita moja kwa moja chumbani bila kunisalimu. Haikuwa kawaida yake. Mimi nilikuwa jikoni nikiangalia chungu cha makande. Nilipomfuata nilimkuta ameketi kitandani, karatasi ya mtihani wa Baiolojia iko mapajani. Alikuwa amepata alama 9 kwa 100.

Akina mama wenzangu, mtoto huyu alimaliza darasa la saba akiwa wa pili katika shule nzima. Tulichinja jogoo siku ile majina ya waliochaguliwa yalipotoka. Sasa, baada ya miezi minne tu ya Kidato cha Kwanza, aliniambia, "Mama, naomba niache shule. Mwalimu anaongea, lakini mimi naona midomo tu inacheza."

Baba watoto alipopata habari hakugomba. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kuwa yuko ndugu yetu Dar es Salaam anayetafuta msichana wa kazi za nyumbani. Kama shule imemshinda, alisema, afadhali aende huko kuliko kupoteza miaka minne. Nilimwomba angoje mpaka mwisho wa mwaka, naye akakubali. Lakini usiku ule sikupata usingizi. Mimi mwenyewe ni wa darasa la saba. Kiingereza changu kilikuwa cha salamu tu. Ningemsaidiaje mtoto kwa lugha nisiyoijua?

Kwanza naomba tuelewane juu ya jambo moja, kwa maana mama wengi huwaita watoto wao wajinga bure. Tangu mwaka 1967, shule zetu nyingi za msingi hufundisha masomo yote kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja tu. Mtoto akivuka kwenda sekondari, mambo hugeuka: Baiolojia, Historia, Jiografia, Hisabati, yote ni kwa Kiingereza. Wala tatizo hili si la jana. Wataalamu wawili, Criper na Dodd, walichunguza jambo hili na kutoa taarifa yao mwaka 1984. Waliona kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo yao. Baadaye Uingereza ilisaidia mradi uliopeleka shuleni vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa Kiingereza chepesi, ili watoto wajifunze lugha kwa kusoma. Basi mtoto wangu hakuwa wa kwanza kukwama kwenye daraja hilo.

Naye hakuwa mvivu. Kila usiku aliandika maneno 20 ya Kiingereza upande wa kushoto wa daftari, na maana zake upande wa kulia kutoka katika kijikamusi alichoazima. Aliyakariri kwa sauti mpaka wadogo zake wakaomba kulala. Asubuhi yalikuwa yamebaki matano. Baada ya wiki hata hayo matano yalikuwa yameondoka.

Tena hata yale yaliyobaki yalimdanganya. Siku moja alinisomea sentensi ya Baiolojia aliyoitafsiri mwenyewe: "Mimea yote imejengwa kwa vyumba vya jela." Nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Neno lilikuwa "cell", na kijikamusi kilimpa maana moja tu, ile ya gereza. Katika Baiolojia neno hilo ni seli, yaani kile kipande kidogo kabisa ambacho mwili wa kila kiumbe hujengwa kwacho. Neno ni lile lile, lakini limehamia nyumba nyingine.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea mwalimu mmoja mstaafu, jirani yetu, mkungu wa ndizi, nikamweleza shida yangu. Alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Mama, wewe Kiswahili ulijifunza wapi?"

Swali hilo lilinishangaza. Nyumbani kwetu tulisema Chasu tu. Kiswahili nilikikuta shuleni, na zaidi nilikikuta sokoni Same, nilipokuwa nikishuka na mama yangu kuuza tangawizi. Mwalimu akaniuliza tena, "Nani alikufundisha neno rejareja?" Nikafikiri. Hakuna aliyenifundisha. Nilisikia mfanyabiashara akitaja bei moja kwa aliyechukua gunia zima na bei nyingine kwa aliyechukua sado moja. Yule wa gunia aliambiwa "jumla", yule wa sado akaambiwa "rejareja". Safari ya tatu nilikuwa nalitumia mwenyewe.

Nikakumbuka na neno nira, nililolikuta katika Biblia nikiwa msichana. Huku kwetu milimani miteremko ni mikali na tunalima kwa jembe la mkono, kwa hiyo sikuwahi kuona ng'ombe wawili wamefungwa pamoja. Lakini kila nilipolikuta neno hilo, jirani zake walikuwa ni mizigo, shingo, utumwa na kuchoka. Nilijua nira ni nini kabla sijaiona kwa macho.

"Basi," Mwalimu akasema, "Kiingereza nacho hujifunzwa hivyo hivyo. Neno hujulikana kwa majirani zake. Orodha ya maneno ni kama watu waliotolewa kijijini kwao wakapangwa mstari barabarani. Utamjuaje mtu hapo?"

Alinipa vijitabu viwili vya hadithi fupi za Kiingereza chepesi, vimechakaa kwa umri. Tena akachukua kalamu akaandika kifungu kifupi juu ya kitu ambacho binti yangu anakijua tangu utoto, yaani ndiva. Kwa wale wasiozijua, ndiva ni mabwawa ya asili ya Wapare, na yapo pande za Vudee, Bangalala na Makanya. Kijito kikiwa kidogo, maji yake hayafiki mbali yakiachwa yatiririke yenyewe. Kwa hiyo usiku watu huziba tundu la bwawa, maji yakajaa polepole. Asubuhi huzibua, na maji yakawa na nguvu ya kufika mashambani kwa zamu. Mwalimu aliandika hivi:

"The stream is small. At night people close the gate of the pond, and the water rises slowly. In the morning they open it, and the water flows to the maize."

Usiku huo tuliketi mezani, taa ya sola katikati. Binti yangu alisoma kifungu chote mara mbili bila kusimama, kama Mwalimu alivyoagiza. Kisha alipiga mstari chini ya maneno asiyoyajua. Yalikuwa matatu: "pond", "rises" na "flows". Mimi, nisiyejua Kiingereza, kazi yangu ilikuwa kuuliza maswali matatu kwa Kiswahili. Je, hilo ni jina la kitu, au ni tendo? Maneno yaliyolitangulia yanasema nini? Na yanayolifuata yanasema nini?

"Ni tendo, Mama," alisema juu ya "rises". "Ni usiku. Wamefunga. Maji yanafanya kitu, tena polepole." Akanyamaza. Ghafla akainua uso. "Yanapanda! Maji yanapanda!" Tulipofungua kamusi, ndivyo ilivyokuwa. Neno hilo hajalisahau mpaka leo, wala mimi sijalisahau.

Tangu hapo tulisoma kifungu kimoja kila usiku, cha mistari mitano au sita, si zaidi. Nisiwadanganye kwamba mambo yalikwenda vizuri siku zote. Tulikosea kwanza kwa kuchukua kitabu chenyewe cha Baiolojia. Kila mstari ulikuwa na maneno manne au matano mageni, na maneno mageni hayawezi kuelezana. Mwalimu alituambia kuwa hata wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 2000, Paul Nation wa New Zealand na mwenzake Hu walionyesha kuwa msomaji huhitaji kujua maneno kama 98 katika kila 100 ili aelewe vizuri bila msaada. Kwa hiyo tulirudi nyuma, tukaanza na vitabu vya darasa la tano. Binti yangu aliona aibu kidogo, lakini hakuna aliyemwona ila mimi. Baiolojia tuliiacha ingoje. Kwa maneno yake magumu, nilimsihi amwulize mwalimu wake wa somo badala ya kukisia.

Pia kuna usiku mmoja nilioharibu mwenyewe. Nilikuwa nimetoka shambani nimechoka, naye alikisia vibaya mara tatu. Nikamwambia, "Ndiyo maana ulipata tisa!" Alifunga kitabu akaenda kulala bila kula. Asubuhi, kabla hajaondoka, nilimwomba msamaha. Mzazi kumwomba mtoto msamaha si desturi yetu sana, lakini niliona kuwa mtoto anayeogopa kukosea hawezi kukisia, na asiyekisia hajifunzi. Jioni ile alirudi mezani mwenyewe.

Mwezi wa Septemba lilitokea jambo lililobadili nyumba yetu. Baba watoto alikuwa ameleta chupa ya dawa ya kuua wadudu wa nyanya. Aliiweka stoo, juu ya magunia ya mahindi, mahali ambapo watoto wadogo hawafiki. Binti yangu alikuwa amezoea sasa kusoma kila chenye maandishi. Aliichukua ile chupa akaanza kusoma karatasi iliyobandikwa ubavuni. Akakuta maneno haya: "Do not store near food."

"Baba," akaita, "hapa pameandikwa stoo."

"Ndiyo," baba yake akajibu, "si ndiko ilikokaa?"

Lakini mtoto alitulia akawatazama majirani wa neno. "Hapana, Baba. Mbele yake kuna maneno ya kukataza. Baada ya maneno hayo huja tendo, haliji jina la chumba. Na mwisho pana neno chakula, na hili la katikati ni karibu. Nafikiri wanasema usiiweke karibu na chakula." Tukafungua kamusi, tukaona kuwa neno hilo lina maana ya stoo, lakini pia lina maana ya kuweka au kuhifadhi.

Sote watatu tuliingia stoo. Chupa ilikuwa imevuja kidogo, na gunia la juu lilikuwa na doa lenye unyevu. Mahindi hayo ndiyo yangekuwa makande yetu ya wiki ile. Baba watoto alilibeba gunia nje, akachimba shimo, akayafukia yale mahindi. Aliporudi aliosha mikono kwa sabuni muda mrefu, bila kusema neno. Usiku, tulipokuwa peke yetu, alisema, "Mama watoto, mtumie ndugu yetu salamu. Mwambie atafute msichana mwingine."

Mwisho wa mwaka binti yangu alipata alama 34 katika Baiolojia na 52 katika Kiingereza. Najua alama hizo hazimpatii mtu zawadi. Lakini kwetu zilikuwa sawa na jogoo wa pili. Mwaka 2018 alifaulu mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili, na mwaka 2020 alimaliza Kidato cha Nne. Leo yuko chuo cha uuguzi, na husoma maandishi ya dawa ambayo maisha ya watu hutegemea.

Mama mwenzangu, kama una mtoto aliyekwama kwenye daraja hili, nakushauri ujaribu haya machache.

Kwanza, tafuta kifungu kifupi na chepesi. Kikiwa na zaidi ya neno moja geni katika kila mstari, kiache. Mtafutie kilicho rahisi zaidi, hata kama ni cha darasa la chini.

Pili, asome chote hadi mwisho kabla ya kuuliza. Mara nyingi mstari wa tatu hueleza neno la mstari wa kwanza.

Tatu, akisie kwanza, kisha kamusi ihakikishe. Kukisia peke yake hupotosha, na kamusi peke yake husahaulika. Kama mnaweza kupata Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, mtaona kuwa neno moja lina maana nyingi. Aangalie ipi inakaa vizuri na majirani zake.

Nne, neno jipya alitungie sentensi ya mambo ya nyumbani: shamba, mbuzi, soko, wadogo zake. Neno likipata makao hapo halitoroki.

Tano, kaa naye. Hata kama hujui lugha, uliza maswali yale matatu.

Hili la tano ndilo kubwa. Mnakumbuka habari ya Filipo na yule towashi wa Kushi. Mtu yule alikuwa garini akisoma maneno ya nabii Isaya, wala hakuyaelewa. Filipo hakumcheka, wala hakumpa orodha ya maneno akaenda zake. Alipanda garini akaketi karibu naye, wakaanzia pale pale alipokuwa akisoma.

Mimi nilidhani sina la kumpa mtoto wangu kwa sababu sikuwa na Kiingereza. Kumbe nilikuwa na nusu saa kila jioni, na kiti cha pili mezani. Kijito chetu kilikuwa kidogo sana, maneno mawili au matatu kwa usiku mmoja. Lakini tuliziba tundu kila jioni, na maji yakapanda.