Breki za Gari la Nyumbani

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kumwona mwanafunzi wa fasihi akiandika habari za breki katika jarida ambalo kurasa zake zimezoea uhakiki wa riwaya na mijadala ya vina na mizani. Niwie radhi. Jambo hili lilinipata mwenyewe hapa Machakos, nalo limekataa kunitoka moyoni hata baada ya kuikamilisha sura ya tatu ya tasnifu yangu.

Nyumbani kwetu ni juu, katika vilima vya Iveti. Gari tulilo nalo ni Subaru Impreza yenye tabo, aliyoniachia kaka yangu mkubwa alipokwenda Qatar kutafuta riziki mwaka 2019. Ni gari la ujana kwa sura na kwa mlio, lakini kazi yake kuu ni ya utu uzima: kila Jumanne na Ijumaa humteremsha mama hadi mjini kusafishwa damu, maana figo zake zimechoka. Siku zilizobaki hunifikisha shuleni ninakofundisha, na jioni chuoni. Hatuna gari jingine.

Sasa niseme kweli. Kilichonipeleka kwenye mbio ni tamaa. Niliwaambia wenzangu kwamba nataka kujifunza kulimudu gari kwa ajili ya usalama, na maneno hayo yalikuwa na chembe ya ukweli, lakini chembe tu. Mtu hawezi kuendesha gari kama lile kila siku nyuma ya malori ya barabara ya Mombasa bila kujiuliza lingefanyaje lau lingeachiliwa.

Nchi yetu haina uwanja mkubwa wa lami wa mbio za mzunguko mfano wa Kyalami kule Afrika Kusini. Mchezo wetu wa magari umekulia vumbini, tangu mashindano ya Safari yalipoanzishwa mwaka 1953, na hata leo anayeanza aghalabu huanzia kwenye otokrosi, katika njia fupi za udongo. Hata hivyo, pale Whistling Morans, pande za Athi River, ipo njia ya lami iliyojengwa kwa ajili ya vigari vya kart, na wenye magari ya kawaida wamewahi kukutana hapo kushindana na saa badala ya kushindana wao kwa wao. Niliposikia kuna siku ya wanaoanza, nililipa kwanza nikafikiri baadaye.

Nilipofikiri, nilichukua hati ya bima nikaisoma kwa makini ambayo kwa kawaida huyaweka kwa ajili ya tenzi. Ilisema wazi kwamba hasara itokanayo na mashindano au majaribio ya kasi hailipwi. Jumamosi nikiligonga gari, Jumanne mama atapanda nini? Nililikunja karatasi lile nikalirudisha mahali pake. Sijivunii hilo.

Fundi wangu ana kibanda katika jua kali ya mjini. Nilimwambia nataka gari liwe tayari kwa mbio, nikitarajia tuzungumzie injini. Yeye akatoa magurudumu. Akakaa kimya kitambo, kisha akaniita.

"Mwalimu, hili gari linabeba nani?"

"Mama."

Akanionyesha pedi za mbele. Zilikuwa zimelika hata zikabaki unene wa ganda la chungwa. Akafungua chombo cha mafuta ya breki. Yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa mekoni. "Haya hayajabadilishwa tangu gari litoke Japani," akasema.

Hapo ndipo nilipofunzwa jambo ambalo digrii mbili hazingenifunza. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hata mwaka. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, sharti yastahimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka; yakishashika maji, kiwango hicho huanguka hadi 140. Ya DOT 4 ni 230, na yakishika maji 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hukubali kubanwa. Unakanyaga pedali, nayo inazama hadi sakafuni bila gari kusimama. Jambo hilo huwapata wanaoendesha kwa kasi uwanjani, nikasema kwa matumaini. Fundi akatabasamu. "Na wanaoteremka Iveti mguu ukiwa juu ya breki."

Kisha akaongeza utani wa kwetu: "Kule Kyamwilu gari lako litapanda mlima lenyewe. Kusimama lenyewe, sahau." (Kwa msomaji wa mbali: Kyamwilu ni mahali hapa Machakos ambapo gari lililotolewa gia huonekana likijipandisha kilima. Ni macho yanayodanganyika na mandhari, lakini usimwambie hivyo mtu aliyekupeleka kukuonyesha.)

Tulifanya kazi hiyo jioni nzima. Mimi niliketi kwenye usukani, yeye chini ya gari na spana na mpira mwembamba. "Piga! Piga! Piga! Shika!" Nashika, anafungua nati, hewa na uchafu vinatoka, anafunga. "Achia!" Halafu tena, gurudumu baada ya gurudumu. Yeye huita kazi hiyo kublidi. Nilijaribu kumpendekezea istilahi iliyo sanifu zaidi, akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Piga, mwalimu."

Pedi mpya, mafuta ya DOT 4 na tairi mbili za mbele (zile kuukuu zilikuwa na tarakimu 1514, yaani zilitengenezwa wiki ya 15 ya mwaka 2014) vilikula fedha nilizoziweka kwa kuchapa na kujalidi tasnifu. Injini haikuguswa, ila oili iliongezwa hadi alama ya juu, kwa kuwa kwenye kona kali oili hukimbilia upande mmoja.

Jumamosi, kabla ya kuingia uwanjani, niliambiwa nitoe kila kisichofungwa: jeki, tairi la akiba, chupa ya maji, insha za Kidato cha Tatu, na ule mto mdogo ambao mama huuweka mgongoni. Niliuweka juu ya nyasi pamoja na vitu vingine. Mkufunzi aliketi kando yangu. Alinifunza kupunguza mwendo nikiwa bado nimenyooka, si katikati ya kona, na kutazama ninakokwenda badala ya kutazama ninachokiogopa. Mzunguko wa tatu nilicheka peke yangu ndani ya kofia ya chuma. Sitaikana furaha hiyo.

Mzunguko wa sita, breki zikiwa bado imara, nikauona mto kwenye nyasi. Nikazunguka mara moja polepole ili diski zipoe, nikaegesha bila kuvuta breki ya mkono kama nilivyoagizwa, nikakaza upya nati za magurudumu. Muda uliosalia niliwatazama wengine. Nilikuwa wa tatu kutoka mkiani.

Jumanne tuliteremka Iveti kama kawaida. Kwenye kona ya mwisho mama, ambaye huwa kimya siku za hospitali, alisema, "Gari limekuwa zuri. Halichelewi kushika."

"Nilibadilisha mafuta ya breki, Mwaitu."

Akaitikia kwa kichwa. Tulipofika nikazunguka kumfungulia mlango. Alishuka taratibu, akauegemea ule mlango, akapitisha kidole kwenye mabaki ya utepe mweupe ambayo sikuyabandua vizuri, ambayo bado yalionyesha umbo la namba 14.

"Na hii?" akauliza.