Bunju wa Kilifi Nyumbani Migori

Mke wangu ni mtu wa Homa Bay, nami nilizaliwa Kilifi. Tunaishi mjini Migori, ambako ninafundisha. Sasa binti yetu, aliyekuwa gredi ya nne, aliponiuliza mezani kama bunju ni samaki wa kweli au ni hadithi za baba tu, mama yake alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Nikaapa kwamba bunju angekuja kuishi humu humu sebuleni.

Kwa msomaji asiyemfahamu, bunju ni yule samaki ambaye akiudhiwa hujaza maji tumboni akawa mviringo kama mpira. Kwetu Pwani mtoto huonywa mapema asithubutu kumtia chunguni, kwani ini na mayai yake yana sumu kali, na hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Lakini kumtazama hakuui mtu. Macho yake huzunguka kila moja kivyake, na akishakuzoea hukufuata kutoka pembe moja ya kioo hadi nyingine akitaka chakula.

Bunju wadogo hupatikana kwenye mikoko, mahali ambapo maji ya mto huingia baharini, kwa hiyo nilitaka maji ya chumvichumvi, si ya bahari tupu. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi. Likizo ya Agosti nilisafiri na madumu matatu ya lita 20. Kondakta alinitoza nauli ya mzigo, akaniuliza kama huko niendako hakuna maji. Madumu mawili niliyachanganya na lita 80 za maji ya mvua ndani ya tangi la vioo alilonitengenezea fundi. Nikapata gramu 12 hivi kwa lita. Dumu la tatu likawa akiba.

Mwalimu mwenzangu aliona najisumbua bure. Kwa nini nisichote maji ya Simbi Nyaima, lile ziwa la karibu na Kendu Bay, ambalo wazee husimulia kwamba kijiji kizima kilizama humo baada ya kumnyima kikongwe hifadhi? Ni kweli maji yale yana chumvi, lakini ni ya magadi. Heroe huyafurahia, samaki hawaishi humo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mimea. Shemeji yangu, mvuvi wa Homa Bay, aliniletea nyasi za ziwani zenye majani marefu kama utepe. Tangi likapendeza kwelikweli, kwa muda wa siku kumi. Kisha majani yakawa uji, na sebule ikanuka hata wageni wakaanza kukaa upande wa dirishani. Nyasi zile ni za maji baridi, chumvi ilizichoma. Zilizodumu ni mbegu mbili za mkoko nilizochomeka mchangani, machipukizi yakiwa juu ya maji. Nililiacha tangi hivyo, chujio likizunguka na kipande cha samaki kikiozea humo, mpaka Desemba. Watu hucheka wakisikia hivyo, lakini bila wale bakteria wanaogeuza uchafu wa samaki usimdhuru, samaki mgeni hufa kwa mkojo wake mwenyewe. Kazi hiyo huwachukua mwezi mzima na zaidi.

Bunju mwenyewe alisafiri Desemba ndani ya ndoo yenye mfuniko, akipuliziwa hewa na mtambo mdogo wa betri. Alikuwa na urefu wa kidole. Binti yangu hakulala usiku ule.

Sasa, bunju ana meno manne yaliyoungana mfano wa mdomo wa kasuku, na meno hayo hayakomi kukua. Asipotafuna kitu kigumu yatarefuka mpaka mdomo ushindwe kufunguka. Omena tuliompa alizifurahia, lakini omena ni laini. Chakula chake hasa ni konokono. Na konokono wako wapi tele kama si ufuoni Homa Bay, kwa kina shemeji?

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo sipendi kulisimulia. Sikukuu ya Pasaka nilimtuma mtoto kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilimpa kopo, nikamwambia, "Ingia hapo kwenye nyasi, mama, mchumie bunju wako." Alisimama majini mpaka magotini, mchana wa jua kali, karibu saa nzima. Mimi nilikuwa chini ya mti nikizungumza.

Baada ya wiki sita hivi alishikwa na homa na kuumwa na tumbo. Tukadhani ni malaria. Kipimo kikasema siyo. Alipoanza kutoa damu chooni, daktari alipima choo akaona mayai ya kichocho. Kisha akaniuliza mtoto aliingia wapi majini. Nilijibu nikitazama sakafu. Vijidudu vya kichocho hukulia ndani ya konokono wale wale, hutoka jua likiwa kali na kupenya ngozi ya mtu aliye majini, hata kama hana jeraha.

Alipewa vidonge vya prazikwanteli kulingana na uzito wake, na baadaye tukarudi kupimwa tena. Alipona. Mke wangu hakunigombeza. Alisema tu, "Baba watoto, samaki huyo atakula nini sasa?" Ningependa zaidi angenigombeza.

Aliyetupa njia ni shemeji. Konokono hazaliwi na kichocho. Huambukizwa majini, pale choo cha mtu mgonjwa kinapoingia ziwani. Basi yeye, akiwa na gambuti ndefu na glavu, alikwangua mayai yaliyogandamana kwenye majani, yale yanayofanana na matone ya kamasi, bila kuleta konokono hata mmoja. Tuliyaweka kwenye ndoo ya maji ya mvua nyuma ya jikoni. Wakaanguliwa wengi ajabu. Binti yangu huwalisha majani ya sukuma wiki yaliyochemshwa, na ndoo ile hufunikwa kwa wavu.

Mikoko ina majani sita sasa. Maji yakipungua kwa joto naongeza ya mvua peke yake, kwa maana chumvi haipai pamoja na mvuke. Jioni, tukiwa tumenyamaza kusikiliza taarifa ya habari, husikika sauti ndogo kutoka pembeni, kama mtu anayevunja karanga. Binti yangu huhesabu. Jana walikuwa watatu.